UZI MAALUM: Tunaouguza wazazi wenye Alzheimer tukutane hapa, tuseme yale ambayo ndugu hawataki kuyasikia

Kitindamimba_Tga

Wakuu habari za jioni. Nimeutafuta uzi wa hivi humu sijauona, uliopo ni wa zamani na watu wanaulizia dawa ya kusahau ya kusomea mitihani, kwa hiyo naanzisha wangu, mods naomba msiuunganishe na ule.

Nipo Tanga namuuguza mama. Ni mwalimu mstaafu, wanafunzi wake wamejaa mji mzima mpaka leo wakikutana nae njiani ni shikamoo mwalimu. Alianza kusahau kidogo kidogo, kuunguza mboga, kuuliza kitu hicho hicho tangu asubuhi mpaka jioni, kununua luku akiwa ameshanunua, sisi tukasema uzee. Siku moja akapotea akitoka soko la Mgandini ambako kanunua samaki maisha yake yote, ndo tukampeleka hospitali, akapimwa damu, akapigwa picha ya kichwa, daktari akatuambia ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole.

Ugonjwa wenyewe nimeshausoma sana, sikuja kuulizia ugonjwa. Nimekuja kwa ajili ya anayeuguza. Tupo watoto wanne, mimi wa mwisho, sijaolewa, nina kaduka ka vifaa vya shule, kwa hiyo bila kikao wala nini kazi ikanidondokea mimi kwa sababu "wewe si upo hapo hapo nyumbani". Kaka wa Dar anatuma hela, dada wa Mwanza anatuma salamu, wa Dodoma yuko bize. Usiku mama halali, saa nane anaamka anafungasha nguo kwenye kanga anataka kwenda kwao, kwao wapi wakati nyumba hii kaijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu. Hela anaficha kwenye foronya, asubuhi haioni, ananiita mwizi mbele ya majirani. Duka nafungua saa tano, siku nyingine sifungui kabisa.

Na kinachonichoma kuliko hata kuitwa mwizi ni hiki: jumapili kaka akipiga simu mama anaongea vizuriii, anaulizia wajukuu, anacheka, anamwombea dua. Simu ikikatwa ananigeukia "yule nani?" Kaka anarudi kwangu kwenye meseji "mbona bi mkubwa yuko fiti, wewe unakuza mambo".

Swali langu kwa mliopo kwenye hali hii, mlifanyaje mpaka ndugu wakaelewa na wakabeba na wao? Pole siihitaji jamani, ninazo za kutosha hapa ndani.

JichoLaTatu

Nipo siti ya mbele, wajuzi waje.

NesiWaZamu

Basi pole sikupi.

Hilo la simu tunaliona kila kliniki. Mgonjwa wa hatua za mwanzo na hata za kati anaweza kujikaza kwa muda mfupi mbele ya mgeni, mbele ya daktari, au kwenye simu. Na sisi Waswahili salamu zetu zinambeba sana, hujambo sijambo, watoto hawajambo, nyumbani kwema, namshukuru Mungu, hayo yote hayataki kumbukumbu, mdomo unayajua wenyewe. Ungemwambia kaka amuulize "leo umekula nini" au "mimi nafanya kazi wapi" angepata jibu lake. Alafu mama akishamaliza kujikaza hivyo anakuwa amechoka na jioni yake ndo inakulipukia wewe.

Kwa hiyo kumweleza kaka kwa mdomo unajichosha. Aje alale na mama siku tatu, na wewe usiwepo. Nasema usiwepo kabisa, sio upo chumbani unamwelekeza nepi ziko wapi. Nenda kwa shoga yako Pangani ukazime simu.

Mambo mawili ya kitaalamu alafu niwaachie. La kwanza, hakikisheni kwenye vipimo walitazama tezi la shingo, vitamini B12, kaswende na HIV, na kama mzee ana sonona, maana hivyo navyo vinaleta kusahau na vingine vinatibika. La pili, akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, alikuwa anatembea leo hainuki, au anaona watu ukutani, msikae mkasema ugonjwa umepanda. Alzheimer haiendi kwa kasi hiyo. Kimbiza hospitali wakaangalie mkojo, kichomi, malaria, upungufu wa maji, hata choo kugoma. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa na joto la mwili hana.

Na nyie mnaowapa wazee Piriton usiku ili walale, nawajua mpo humu. Acheni. Inawavuruga kichwa zaidi na wanaanguka.

BusaraTupu

Samahani lakini mimi haya magonjwa ya wazungu sijayaelewa. Bibi zetu walizeeka wakatulia kwenye mkeka wao hatukusikia Alzheimer. Mama anaamka saa nane usiku anafungasha, hapo binafsi naona mkono wa mtu, angalieni na upande wa pili. Na jingine, binti kumlea mama yake ndo kazi ya binti tangu enzi, sijui mbona siku hizi linatafutiwa kikao.

MwanaMvita

Ndugu yangu hapo umeniudhi na nitakwambia kwa nini. Mimi ni wa Mombasa. Huo "mkono wa mtu" ndio umemaliza wazee hapa jirani Kilifi, wazee wanakatwa mapanga na vijana wa ukoo wao wenyewe kwa kuitwa wachawi. Na fikiria ni mzee gani ataanza kunyooshewa kidole, si yule anayeongea peke yake, anayekutwa alfajiri kwenye boma la watu hajui kafikaje, nusu uchi? Nanyi huko kwenu Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao mekundu, macho ya moshi wa kuni. Kwa hivyo neno hilo usilitupe tu hapa ukaenda zako.

Shangazi yangu alianza hivyo hivyo. Alikuwa akifanya ibada sana, ghafla akawa anaswali adhuhuri mara nne tano kwa kuwa hakumbuki kama ameswali. Watu wakasema ana pepo, akasomewa, akafukizwa, sikatai dua, dua twaomba mpaka leo. Lakini aliyetutoa gizani ni daktari.

@Kitindamimba_Tga, kuhusu jioni: shangazi akifika magharibi alikuwa atoka mbio kwenda mlangoni. Tulilofanya, taa zote zawashwa mapema kabla giza halijaingia, kisha apewa ukili wa mkeka asuke. Jina langu alikuwa halijui lakini vidole vyasuka ukili sawasawa, tena akikuona wewe wakosea akutoa makosa. Akimaliza twamshukuru, usiku twafumua, kesho apewa tena.

NesiWaZamu

> BusaraTupu aliandika: haya magonjwa ya wazungu sijayaelewa

Mkuu, wilaya ya Hai pale Kilimanjaro watafiti walipita kijiji kwa kijiji wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta asilimia 6.4 wana demensia, yaani ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na majibu yalichapishwa. Hao ni wazee wa migombani, uzungu hawana. Na shirika la afya duniani WHO linasema mwaka 2021 wenye demensia walikuwa milioni 57 na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku huku kwetu. Alzheimer ndo inayochukua sehemu kubwa ya hao. Bibi zetu waliokuwa "wametulia kwenye mkeka" wengine walikuwa wagonjwa tukasema amekuwa mtoto tena.

Na hilo la kazi ya binti, hao hao WHO wanasema asilimia 70 ya masaa ya kuwauguza watu hawa yanafanywa na wanawake. Kwa hiyo usijali, mila yako imefuatwa dunia nzima, na ndo maana nikipima presha za kina dada wanaowaleta wagonjwa nakuta wakati mwingine ziko juu kuliko za mgonjwa.

Kitindamimba_Tga

Mwana Mvita ahsante sana, hilo la taa nimeanza leo leo. Mama hakuwa msukaji, ila nina daftari za shule ambazo hazijauzika, nikampa na kalamu nyekundu. Wakuu, kakaa mpaka isha anasahihisha! Kuna ukurasa kaandika "ONA MWALIMU". Nikaenda nikamwona.

MtumaMuamala

Nimesoma mpaka hapa nimeona niseme maana uzi umeshakuwa wa kutuchinja tunaotuma hela. Mimi ni huyo kaka wa Dar, sio wako, wa kwetu. Baba yuko Singida kwa dada. Kila mwisho wa mwezi natuma, dawa natuma kwa basi maana donepezil huko haipo kila duka, bima nimekata mimi, mchango wa choo cha ndani ili baba asitoke usiku nimetoa mimi. Nina watoto watatu, kodi na mkopo wa kazini. Kila nikipiga simu ni lawama. Nikisema tutafute msaidizi dada anasema mtu baki hawezi kumwogesha baba. Nikisema nimchukue baba aje Dar anasema nataka kumtoa kwenye mji wake akafe kwenye chumba cha kupanga. Sasa mnataka tufanyeje? Bila hiyo hela mnaiuguza na nini hiyo Alzheimer?

Kitindamimba_Tga

Kaka hongera kwa kutuma, kuna wa kwetu hata hiyo hatuijui rangi. Sikatai hela. Ila kaa na karatasi dakika moja. Andika mtu wa mchana, mtu wa usiku, wa kushika siku wanazopumzika hao wawili, chakula chao, wa kufua mashuka kila siku. Tafuta mishahara yao kwa mwezi kwa bei za hapo Singida. Hiyo jumla ndo anayotuma dada yako, tena kila mwezi bila kuchelewa, na hakuna anayemwambia muamala umethibitishwa.

Na mimi sio kwamba nalalamika kaka akipiga. Ni kwamba akipiga anauliza "mama anaendeleaje". Hajawahi kuuliza mimi nimelala saa ngapi.

MtumaMuamala

Hapo umenigusa, sikatai. Lakini bado hujanijibu, nifanye nini nikiwa Dar.

Mpare_Houston

Ngoja nijibu mimi maana mimi niko mbali kuliko nyote. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Texas, upande wa wenye demensia. Naogesha mama za watu na wa kwangu anaogeshwa na mdogo wangu kule Same. Hilo tuliache kama lilivyo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza hapa, masaa 24 yamekatwa shifti tatu na shifti ikiisha unaondoka, hata kama bibi kakushika mkono analia usimwache. Sio roho mbaya. Wameona kwamba mtu mmoja akikaa masaa yote hayo atafika mahali atampiga mgonjwa au atamfungia ndani, awe mtu mzuri vipi. Sasa sisi nyumbani tumempa mtu mmoja shifti zote tatu, jumamosi na jumapili zikiwemo, sikukuu zikiwemo, alafu tunamwita ana moyo.

Nilichofanya mimi ni kumlipa mdogo wangu. Ndiyo, namlipa. Tarehe 28 ya kila mwezi, mbali na hela ya matumizi ya mama, hiyo ni yake, akitaka asuke nywele akitaka anunue bati. Mjomba alikuja juu hatari, eti unamlipa mtoto amtunze mama yake, ni laana, kwenye ukoo wetu haijatokea. Nikamuuliza mjomba kwenye ukoo wetu imetokea mtu kuacha kazi ya saluni ili mwenzake abaki na kazi ya Marekani? Akasema tutaongea nikirudi. Bado tunasubiriana.

Cha pili nimemtafutia mama mmoja wa jirani anakuja jumanne na ijumaa, mdogo wangu anatoka. Sharti langu ni hilo tu, atoke. Mwanzoni alikuwa anatumia siku hizo kufua, nikamwambia nitaacha kulipa. Saivi anaenda kwaya.

Cha tatu nachukua likizo yangu mwezi mzima na nakaa na mama mimi, yeye anaenda Arusha kwa rafiki zake. Sio likizo ya kuja kupiga picha na mama na mbuzi.

Huku hata serikali yao imeanza kuona, tangu Julai 2024 bima ya wazee ya Medicare ina mpango wa majaribio unaolipia mapumziko ya anayeuguza mpaka dola 2,500 kwa mwaka kwa wanaokidhi vigezo. Sisi serikali yetu kwa hili ni mimi na wewe MtumaMuamala.

BusaraTupu

Kumlipa mtoto kwa mama yake bado nasema hapana. Baraka za mzazi hazina risiti.

Mpare_Houston

Sawa mkuu, saluni iliyofungwa ilikuwa na kodi ya fremu na ilikuwa na risiti.

Kitindamimba_Tga

Aunty naogopa kitu kimoja. Nikianza kulipwa si ndo nitakuwa mfanyakazi wao kabisa? Watakuwa wananigombeza chai ikichelewa.

Mpare_Houston

Mdogo wangu alisema hivyo hivyo. Msiite mshahara, iteni fidia ya duka. Duka lilikuwa linaingiza kiasi fulani, saivi haliingizi kwa sababu ya mama wa watu wanne, hasara igawanywe kwa wanne. Hapo huna bosi, una wadaiwa.

Wakili_wa_Mtaani

Nimependa hiyo ya wadaiwa. Niongezee upande wa makaratasi maana ndo panapoua undugu.

Anayeuguza mara nyingi ndo anashika kadi ya benki ya mzee, ndo anachukua pensheni. Mzee mwenyewe anasema kwa kila mgeni "huyu ananiibia". Weka hapo kaka ambaye hajaja miaka, siku ya msiba unasikia "pensheni ya mama ilikuwa inaenda wapi". Kwa hiyo dada, daftari. Kila senti ya mama iliyoingia na ilivyotoka, piga picha ukurasa kila jumamosi weka kwenye grupu la familia, wasome wasisome shauri yao.

Na mambo ya hati ya uwakilishi, kiwanja, wosia, akaunti, yafanyike mapema mgonjwa akiwa bado anaelewa anachokisaini, mbele ya wakili, ikiwezekana na barua ya daktari kwamba siku hiyo alikuwa anaelewa. Akishafika hatua ya kutojua hati ni nini, saini yake inaweza kupingwa na mtu yeyote na itabidi muende mahakamani kuomba mtu wa kusimamia mali zake. Nimeona familia imefika hapo huku mzee bado hai. Msisubiri.

Mpemba_Mtulivu

Huku Zanzibar mzee akifika miaka 70 ana pensheni jamii tokea 2016, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Nyumba nyingi ndio inayonunua nepi hiyo. Lakini ya mzee tu, anayemtizama mzee hana chake.

NesiWaZamu

Na bara, sera ya wazee ya 2003 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, kwa hiyo asiye na bima apite kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri aulizie kitambulisho cha mzee. Na ukifika hospitali tafuta dirisha la wazee usipange foleni na mgonjwa anayetaka kwenda kwao. Kwa anayeuguza, kweli, hakuna dirisha.

Babu_Kibaha

Wanangu hamjambo. Sijui sana kuandika kwenye simu mnivumilie. Mimi namuuguza mke wangu. Watoto wapo wazuri lakini wana maisha yao. Ugonjwa wake ulianza kwa wivu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi, ghafla ananiambia nina mwanamke, nikienda msikitini nimeenda kwake, muuza maandazi ni yeye, nesi ni yeye. Niliona aibu kumwambia mtu yeyote. Wazee wenzangu wananiambia oa mke mwingine akusaidie, ndio maneno yao ya faraja hayo. Kumwogesha ndio vita. Ananipiga, anapiga kelele majirani wanasikia. Kwa hilo naomba msaada, hayo mengine nimezoea.

Mpare_Houston

Shikamoo mzee wangu. Kuoga ndo kazi yangu ya kila siku niulize mimi.

Usimvue nguo zote. Mfunike kanga mbili, osha mguu funika, osha mkono funika, hakai uchi hata dakika moja. Kanga ikilowa haina shida. Maji usimwagie kichwani, maji ya kichwani ndo yanawatisha kuliko yote, tumia kitambaa. Mpe na yeye kitambaa chake ashike, mikono ikiwa na kazi haipigi. Bafu liwe limeshapata joto na vitu vyote viko ndani kabla hujamwita, na usiseme "twende kuoga", mshike mkono mtembee huku unaongea habari nyingine. Tafuta saa yake, kuna wa asubuhi kuna wa mchana, jioni usijaribu. Na akikataa leo, muache. Kunawa uso, kwapa na chini kunatosha, kuoga mwili mzima sio lazima kila siku, hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga jumanne.

NesiWaZamu

Shikamoo babu. Na ile aibu uitue. Mgonjwa wa kwanza kabisa ambaye daktari Alois Alzheimer alimwandika, mama mmoja wa Frankfurt anaitwa Auguste Deter, alipelekwa hospitali mwaka 1901 na mumewe, na dalili ya mwanzo ilikuwa hiyo hiyo, wivu mkali kwa mume ambaye hakuwa na lolote. Ugonjwa ukapewa jina la yule daktari. Kwa hiyo hata mke wako hakuwaza hayo yeye, ni ubongo.

Akikutuhumu usiape wala usibishe. Mwambie "sitoki, niko na wewe hapa", alafu mpeleke kwenye kitu kingine. Na babu, akipiga sana usikubali mtu akupe sindano au vidonge vya kumtuliza bila daktari kumwona, zile dawa za magonjwa ya akili kwa wazee wenye demensia zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo. Zinatumika, ila kwa tahadhari na muda mfupi.

Babu_Kibaha

Marahaba wanangu. Kanga mbili nimeelewa.

JichoLaTatu

Nilikuja kukaa tu siti ya mbele, nimejikuta nampigia dada yangu Kilosa aliyekaa na bibi. Hakuamini ni mimi, akauliza nani kafa.

Kitindamimba_Tga

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nilimrekodi mama usiku. Sio video akiwa hana nguo wala akilia, naomba mnielewe, na sikuiweka status. Niliweka simu mezani nikarekodi sauti tu, saa nane mpaka saa kumi usiku. Nikaituma kwenye grupu la familia asubuhi bila maneno. Dada wa Mwanza kasikiliza akalia. Wa Dodoma kaandika "daah". Kaka kanipigia anasema hukupaswa kumrekodi mama, nikamwambia sawa, njoo usikilize laivu.

Kaja. Nikafanya kama nesi alivyosema, nikaenda Pangani. Simu sikuzima nikaogopa, nikaiweka kimya. Usiku wa kwanza kapiga anauliza ufunguo wa geti uko wapi. Usiku wa pili kapiga tena, mama anamwita kwa jina la mjomba wetu marehemu na anamwambia amrudishie baiskeli yake, afanyeje. Nikamwambia mwambie utairudisha kesho. Akanyamaza, akasema "kwa hiyo unaongopaga hivi kila siku?" Nikamwambia kila siku kaka.

Sasa msinipigie vigelegele bado. Kikao tumefanya kwenye simu, fidia ya duka wamekubali nusu ya niliyotaja, kaka na dada wa Mwanza watatoa, wa Dodoma anasema ajipange. Zamu, kaka kachukua wiki moja mwezi wa sita, dada kachukua desemba shule zikifungwa. Daftari la hesabu nimeanza. Msaidizi wa siku mbili kwa wiki namtafuta, nataka mtu mzima wa hapa mtaani mama aliyemzoea, nilishaletewa binti wa miaka kumi na saba nikamrudisha kwao, ile kazi sio ya mtoto.

MtumaMuamala

Safi. Mimi nimeongea na dada, kakubali aje mtu wa kufua na kupika, kumwogesha baba kabaki nako yeye na mtoto wa baba mdogo. Pasaka naenda mimi, mke kakasirika kidogo.

BusaraTupu

Ila wakuu hao wagonjwa huwa wanapona?

NesiWaZamu

Hawaponi mkuu. Dawa kama donepezil zinapunguza makali ya dalili kwa baadhi yao, kwa muda. Wengi wanaishi miaka minne mpaka minane tangu kugundulika, wapo wanaofika 20. Ndo maana dada wa watu anataka zamu, huu sio uuguzi wa kupeana pole wiki mbili.

BusaraTupu

Nimekuelewa. Kuna mama mkubwa wangu huko Kahama naona kama ana dalili hizo. Anaishi na mjukuu wa darasa la sita. Majirani wameanza maneno.

MwanaMvita

Mtoe hapo. Au mtu mzima aende akakae nao wiki hii hii, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe kwamba ni mgonjwa na yuko na ndugu. Mengine tutaongea baadaye.

NesiWaZamu

Naunga mkono, na barua ya daktari iwepo mkononi, muionyeshe. Nitumie ujumbe binafsi nikwambie aanzie kliniki gani.

BusaraTupu

Nimekutumia.

Mgeni_Mpya88

Habari, naomba kuuliza kwa walioendelea, mama yangu anatoroka, geti tumefunga kwa komeo analifungua. Tufanyeje?

Kitindamimba_Tga

Karibu. Ongeza komeo jingine juu kabisa ya mlango au chini kabisa, wengi wanatafuta pale palipozoeleka tu. Lakini kufuli na ufunguo usimfungie akiwa peke yake ndani, moto ukitokea je. Namba yako ya simu ishonee kwenye gauni zake kwa ndani, zote. Picha yake ya karibuni uwe nayo kwenye simu. Alafu nenda kijiwe cha bodaboda cha karibu, wanywe soda moja moja, waonyeshe sura yake, waambie wakimwona wasimbebe wala wasimvute, wakupigie tu. Mama yangu kijiwe cha hapa wanamwita mwalimu, wakimwona anakata kona wanamwambia "mwalimu kipindi chako bado", anageuza mwenyewe.